Nyapara Amesema Hakuna cha Kufanya

Pale Katandala, mbele ya duka la cherehani la Wilibrodi, palikuwa na benchi la mbao lililokaa vibaya tangu siku lilipotengenezwa. Mwaka ule wa themanini na tatu, ukitaka kujua mambo ya Sumbawanga hukupoteza muda wako ofisini kwa mtu. Ulikwenda pale saa tatu asubuhi, ukajibana kwenye nafasi iliyobaki, ukamwambia Fransiska akumiminie kikombe. Sukari haikuwapo, sabuni haikuwapo, mafuta ya taa yalikuwa hadithi za wazee, lakini kahawa ya Mbozi Fransiska alikuwa nayo, na usimwulize ameipitisha njia gani. Wenye benchi walikuwa watatu. Wilibrodi mwenyewe, aliyeitwa Kipimo kwa sababu ule utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata kanisani. Eustaki, au Redio Mbao, mtu anayejua habari kabla haijatokea. Na mzee Modesti, balozi wa nyumba kumi, ambaye kila jambo alilifunga kwa methali, na methali yenyewe mara nyingi ilikuwa imepotea njia. Asubuhi hiyo ya mwisho wa Novemba alikuwapo na wa nne, Andwele, Mnyakyusa aliyezaliwa mtaa huohuo, mtoto wa yule karani wa posta aliyehamia kutoka Tukuyu. Andwele alikuwa likizo. Kazi yake ilikuwa Dar es Salaam, kuiandikia amri kompyuta ya serikali, basi benchi likambatiza jina hilohilo: Kompyuta.

Mazungumzo yalikuwa ya mbolea. Wiki mbili nzima hapakuwa na mazungumzo mengine. Mawingu yalishaanza kujipanga upande wa Lyamba lya Mfipa, ule ukingo ambako nchi ya Ufipa inakatika ghafla na kushuka bonde la Ziwa Rukwa. Mashamba yamelimwa, mbegu zipo ndani, mbolea ya mahindi ndiyo haionekani.

— Haijafika, akasema Kipimo, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani pale mlangoni.

— Imefika! Redio Mbao akapiga paja.

— Imefika wapi? Ghalani nimepita asubuhi hii, mna panya tu, na panya wenyewe wamekonda.

— Nimesema imefika, sijasema imefika kwetu. Tatizo lenu mnasikiliza nusunusu. Siku tisa zilizopita, alfajiri, jogoo hajawika, malori kumi na moja. Nimeyahesabu kwa macho yangu haya.

— Macho hayohayo yaliyoona simba sokoni?

— Kumi na moja, Kipimo! Yamefunikwa maturubai. Yakapita hapo barabarani, hayakusimama hata kuomba maji ya rejeta. Yakashika njia ya kushuka bondeni.

Andwele alikuwa ameinua kikombe. Akakishusha bila kunywa.

— Bondeni?

— Bondeni. Yote. Mwaka jana ghala letu halikuwa na paa, sawa; mwaka huu lina paa, wanafuata nini huko?

— Una hakika yalikuwa ya mbolea, kaka Eustaki?

— Mdogo wangu, mbolea inanuka. Pua yangu haijasoma Dar es Salaam, lakini mbolea inaijua.

Andwele akajichekesha kidogo ili asionekane vibaya. Bondeni. Neno hilo alilijua, na si kwa sababu ya kuzaliwa huku. Alilijua kwa sababu alilifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Kipimo akasimamisha cherehani, jambo ambalo hulifanya kwa mteja mwenye fedha mkononi tu.

— Sasa nisikilizeni mimi. Hao watu hawataki mbolea. Wanataka mifuko. Kitambaa kimeadimika, khaki hakuna, kaniki hakuna. Mfuko mmoja wa mbolea ukiuchana kwa akili unatoa kaptura mbili na kofia. Mifuko elfu nne tuliyoahidiwa, bwana! Huko bondeni kuna fundi mmoja anaivisha tarafa nzima.

— Na mbolea yenyewe anaipeleka wapi? Fransiska akauliza.

— Anaimwaga ziwani.

— Hapo ndipo penyewe! Redio Mbao nusura aangushe kikombe. — Ziwani! Wanawalisha samaki. Kama mbolea inakuza mahindi, kwa nini isikuze samaki? Nimesikia kwa mtu wa uhakika, kambare wa msimu huu wamekuwa warefu kama mlango huo. Wanapakiwa, wanavushwa Zambia.

— Mtu wa uhakika nani? Kipimo akauliza.

— Basil, dereva.

— Basil yuko Mpanda tangu mwezi wa tisa.

— Ndiyo maana nikasema wa uhakika. Hakuwapo, kwa hiyo hana upande.

Mzee Modesti akakohoa. Balozi akikohoa, ujue methali iko njiani.

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Watu wakasubiri.

— Sasa hapo mgeni ni nani, mzee? Fransiska akauliza.

— Mgeni ni malori. Yamekuja, na sisi wenyeji hatukupona. Kwa hiyo yale hayakuwa malori.

— Yalikuwa nini?

— Jina la mji huu mnalijua maana yake. Tupa uchawi. Basi kuna mtu hajatupa.

— Mzee Balozi jamani! Fransiska akaruka. — Malori kumi na moja ya uchawi? Mimi nilikuwa nimeamka kuteka maji, nikayasikia yanabadilisha gia pale kwenye mwinuko.

— Uchawi wa siku hizi una gia.

Wakacheka, isipokuwa Andwele. Redio Mbao alipoona uchawi umempita mbio, akaona aibu, akaongeza mwendo. Akasema mbolea hiyohiyo Ulaya inatengenezewa baruti. Akasema makaburu wana uwanja wa ndege wa siri huko chini, kandokando ya ziwa, na taa zake huwashwa Jumatano tu.

Hebu tumwache na makaburu wake, tuingie kichwani mwa Andwele, maana huko ndiko kulikokuwa kunaungua.

Ofisi yake Dar kazi yake ilikuwa kupanga mbolea ya serikali: mkoa gani, mifuko mingapi, ishushwe ghala gani. Zamani makarani kumi waliifanya kwa kalamu. Sasa ilikuwapo kompyuta moja ya msaada, kubwa kama kabati la nguo, na amri zake ziliandikwa na Andwele na mwenzake Marselino, katika vipande ishirini na sita. Kipande cha kugawa, kipande cha kujumlisha, kipande cha orodha ya maghala, na kadhalika. Lakini kompyuta haisomi maandishi ya binadamu. Kila kipande lazima kwanza kitafsiriwe kwa lugha yake ya namba, halafu vyote viunganishwe viwe kitu kimoja. Kuvitafsiri vyote ishirini na sita kulikula saa tatu nzima, na umeme wa mwaka ule haukuwa umeme wa kukaa saa tatu. Unafika kipande cha ishirini, giza. Unaanza upya, na matusi juu.

Ndipo Andwele akatunga amri ndogo ya kusimamia nyingine, mistari arobaini tu, akaiita Nyapara. Nyapara hakujua mbolea wala mkoa. Alijua kutazama saa. Kila kipande kina muhuri wa saa kilipoandikwa, na tafsiri yake nayo ina muhuri wake. Kama maandishi ni mapya kuliko tafsiri, maana yake mtu amebadilisha kitu, basi Nyapara anakitafsiri tena kipande hicho kimoja. Kama tafsiri ndiyo mpya, anakiacha. Kisha anaunganisha vyote. Saa tatu zikawa dakika sita. Mkuu wa ofisi alimpa mkono mbele ya watu, na Marselino akasema sasa wataweza kula chakula cha mchana kama Wakristo. Na siku ambayo hakuna kilichobadilika, Nyapara aliandika maneno ambayo Andwele mwenyewe alimfundisha: HAKUNA CHA KUFANYA.

Sasa sikia. Mwaka uliopita upepo uling'oa paa la ghala la mjini Sumbawanga, ikabidi orodha iseme mbolea yote ya huku juu ishushwe ghala la bondeni, watu wakaipandishe wenyewe kwa tabu. Mwaka huu paa limepigwa upya. Siku ya mwisho kabla ya likizo, Andwele alifungua kipande cha orodha, akafuta "bondeni", akaandika "mjini". Aliandika kwa furaha, maana ni kwao. Akamwita Nyapara. Nyapara akajibu: HAKUNA CHA KUFANYA. Andwele, tiketi ya treni mfukoni, akajiambia labda Marselino amekwisha kukitafsiri. Akachapa karatasi zote, akazitia sahihi, hakusoma hata moja. Akakimbilia stesheni ya TAZARA.

Huo ndio ukweli wenyewe, kwamba hakusoma. Lakini Nyapara alikosea vipi? Mwaka mzima hakukosea hata mara moja. Andwele aliligeuza jambo hilo kichwani, akaligeuza tena, halikumpa mlango. Akaanza kujifariji kwamba pengine malori yale yalikuwa ya chumvi.

— Fundi, saa ngapi? Fransiska akauliza. — Maharage yangu yako motoni.

Kipimo akanyoosha mkono wake wenye saa, karibu na pua ya Andwele.

— Saa nne kasoro robo.

Na kweli ilikuwa saa nne kasoro robo, jua lenyewe lilisema hivyo. Lakini mshale mfupi wa saa ya Kipimo ulikuwa unaikaribia nne.

— Kaka Wili, saa yako imeharibika?

— Iharibike kwa nini?

— Mshale uko kwenye nne. Ungekuwa kwenye kumi.

— Kumi ya nini? Saa nne, mshale kwenye nne. Mimi saa yangu naiweka inavyosema kinywa changu. Nyie wa ofisini ndio mnaotazama kumi mkatamka nne, halafu mnasema mafundi hatukusoma.

— Hata yangu nilikuwa nimeiweka hivyo kabla haijaibiwa, akasema Redio Mbao. — Nusu ya mji huu iko hivyo.

Andwele akashika ukingo wa benchi. Marselino! Marselino wa hapahapa Ufipa, aliyefuata kazi Dar, na saa yake ya mkononi waliyokuwa wakimtania kila siku kwamba imeharibika!

Siku ile ya mwisho kabla ya likizo umeme ulikatika mchana. Kompyuta ile ikizimika husahau saa. Ikiwashwa huuliza saa ngapi, na mtu lazima aiandikie. Asubuhi iliwashwa na Andwele, akaandika nane, Kizungu, kama walivyofundishwa, na saa nne asubuhi kipande cha orodha, alichokirekebisha jina la ghala la mkoa mwingine, kikatafsiriwa vizuri. Mchana umeme uliporudi iliwashwa na Marselino. Ilikuwa saa saba. Marselino akatazama mkono wake, akaandika saba. Na kwa kompyuta ya Kizungu, saba ni saa moja ya asubuhi. Kwa hiyo kipande alichokibadilisha Andwele baada ya chakula kilipigwa muhuri wa asubuhi na mapema, kabla ya tafsiri yake. Nyapara akatazama mihuri kwa uaminifu wake wote. Maandishi ya zamani, tafsiri mpya. Hakuna cha kufanya.

— Ni mimi, akasema Andwele.

— Wewe nini? Kipimo akauliza.

— Mbolea. Si mifuko, si samaki, si makaburu. Iko kwenye ghala la bondeni, imekaa tu. Karatasi ya malori imetoka kwenye mashine yangu.

Akawaeleza. Alieleza vibaya, maneno yakikimbilia mbele ya mengine, mpaka Fransiska akamwambia avute pumzi. Akaeleza tena. Cha ajabu, wa kwanza kuelewa alikuwa Kipimo.

— Ngoja. Mteja kaleta shati abadilishiwe kola. Kibarua wangu hatazami kola, anatazama tarehe kwenye karatasi iliyobanwa. Na mimi tarehe nimeiandika vibaya, inaonyesha kola iliagizwa kabla sijalishona shati. Kibarua anasema hili lilikwisha zamani. Analikunja, analirudisha na kola ileile.

— Ndiyo hivyo hivyo, kaka Wili.

— Na wewe umempa mteja bila kulikunjua.

— Nimempa bila kulikunjua.

— Aisee, akasema Kipimo, maana kwa fundi hiyo ni dhambi inayojulikana.

Redio Mbao hakuridhika. Habari kubwa namna hii haiwezi kuwa na sababu ndogo namna ile.

— Huyo Nyapara yuko wapi sasa hivi? Akamatwe, aeleze nani kamtuma.

— Hayupo mahali, kaka Eustaki. Ni maandishi.

— Maandishi yanayokaa ofisini yanasema hakuna cha kufanya? Huyo ni mtumishi kamili, anadai pensheni tu!

— Hakufanya kosa. Aliambiwa atazame saa, akatazama saa.

— Mimi nakwambia alijua! Mashine hiyo inatoka Ulaya, imepangwa. Inatuona Wafipa tunalisha nchi nzima mahindi, inaumia. Leo imeanza na mbolea, kesho itafuta jina la mkoa, keshokutwa utaamka uambiwe hukuzaliwa.

— Eustaki! Mzee Modesti alimkatiza kwa sauti ambayo benchi halijaizoea. — Punguza sauti. Na wewe Andwele, hayo uliyoyasema usiyaseme tena.

Mzee akatazama barabara kushoto, akatazama kulia.

— Mwaka huu unaujua. Watu wamechukuliwa kwa katoni mbili za sabuni. Yule mwenye duka kule Kizwite, kwa debe moja la mafuta. Wanaitwa wahujumu, wanawekwa ndani kwanza, maswali baadaye. Sasa wewe una mifuko elfu nne na sahihi yako mwenyewe chini ya karatasi. Utawaambia mshale? Nani atakusikiliza mambo ya mshale?

Andwele akamwona mkewe Atusaye kule Dar, na mtoto wa miezi mitano ambaye hata meno hajaota. Tusizungukezunguke: aliogopa.

— Lakini wasipojua iko wapi, baba, hawawezi kuifuata. Karatasi walizonazo bomani zinasema imefika mkoani, hazitaji ghala. Wao wanaona imefika, ghala linaona haijafika, kila mmoja anamngoja mwenzake.

— Itajulikana yenyewe. Mwenye ghala la bondeni atashangaa, ataandika barua.

— Barua kutoka bondeni wiki mbili, akasema Fransiska. — Ikipata basi.

— Basi tuandike sisi, isiyo na jina, akasema Redio Mbao. — Naijua sana kazi hiyo.

— Hiyo tunajua unaijua, akasema Kipimo.

— Mvua moja tu, akasema Andwele. — Mvua moja kubwa, ile njia ya mlimani inakatika. Malori hayapandi mpaka mwezi wa nne. Mnalijua hilo kuliko mimi.

Walilijua. Upande wa Lyamba lya Mfipa mawingu yalikuwa yameshaacha kuwa meupe, na upepo ukaanza kuvuta vumbi la barabarani kuelekea mlimani, kama unavyofanya saa chache kabla ya mvua ya kwanza.

— Ujana ukiingia kwenye jambo, mzee akasema, mwenyewe akijituliza, ndipo wahenga walipotuachia neno: kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Mzee, hiyo inasema kinyume, Kipimo akamwambia polepole.

— Inasema kimya. Mimi nimeishia hapo. Wewe Andwele ni mtoto wetu. Baba yako alinisomea barua zangu zote miaka kumi na mbili, hata siku moja hakumwambia mtu kilichomo. Mimi sitakaa hapa nikuone unajipeleka mwenyewe kwenye Landrova yao. Kunywa kahawa yako. Likizo yako inakwisha lini?

— Jumamosi.

— Kunywa, urudi kwa mkeo. Mahindi yatakuwa madogo mwaka huu. Yamewahi kuwa madogo. Sisi tulilima ntumba, yale matuta ya kufukia majani, kabla mifuko hiyo haijazaliwa.

— Ntumba zinafukiwa mwezi wa pili, mzee, akasema Fransiska. — Sasa hivi hakuna aliyefukia kitu. Wote waliambiwa mbolea inakuja.

Alimjazia Andwele kikombe hata hivyo. Andwele akakichukua, akawa anakizungusha kwenye viganja. Akawaza, labda mzee ana haki. Labda Marselino ataona huko Dar. Labda mvua itachelewa. Alikuwa anajipangia labda moja juu ya nyingine, na kila moja ilikuwa inamwambia akae pale alipokaa.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja upande wa sokoni. Kanga yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini, mkononi ana gunia tupu lililokunjwa na kamba mpya ya kufungia. Benchi halikumjua. Akasimama, akapiga goti kidogo.

— Hamjambo hapo. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?

— Kasense, kwa mguu. Naitwa Kristiana. Nimeambiwa hapa yupo balozi na watu wanaosoma.

— Karibu kahawa, mama, akasema Fransiska.

— Asante, sikai. Nataka kuuliza tu.

Redio Mbao akajiweka sawa. Kuulizwa ni kazi yake.

— Hii mara ya tano nakuja ghalani, akasema Kristiana. — Kila siku ni njoo kesho. Sigombani nao, nao wametumwa. Ila mvua hiyo hapo, mnaiona. Mbegu ninayo debe moja na nusu, hakuna nyingine, na watoto sita. Nikipanda bila mbolea shamba lile halitoi, limechoka. Nikisubiri mvua ikapita, mbegu nimeila bure. Sasa nyie mnaojua mambo mniambie. Nipande, au nisubiri?

Redio Mbao akafungua mdomo. Haijawahi kutokea tangu benchi liwekwe pale: akaufunga. Kipimo akaanza kutafuta mkasi ambao alikuwa ameushika. Mzee Modesti akakohoa, wote wakasubiri, na methali haikuja.

— Shikamoo, mama, akasema Andwele.

— Marahaba.

— Mbolea yenu iko bondeni. Kwenye ghala la kule chini.

— Yesu na Maria, akasema mzee kwa kunong'ona.

— Nani kasema? Kristiana akauliza.

— Mimi. Mimi ndiye niliyeipeleka. Nilifanya kazi bila kuikagua, malori yakaandikiwa njia ya mwaka jana. Hakuna aliyeiba.

Alingoja atukanwe. Angependa sana kutukanwa, ingekuwa nafuu. Kristiana hakumtukana. Aliyatazama mawingu kwanza, kama mtu anayekadiria mzigo, halafu akamgeukia yeye.

— Inaweza kupandishwa?

— Malori yakienda leo, inaweza. Kesho sijui.

— Wa ofisini wanajua iko huko?

— Hawajui.

— Anayejua ni nani?

— Ni mimi. Na hawa.

Kristiana akatazama benchi zima, mtu mmoja mmoja, akatazama na vikombe. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kuelewa tu.

— Sasa hapa mmekaa mnafanya nini?

Fransiska akaweka birika chini. Upepo ukapiga bati la duka la Kipimo, na upande wa mlimani ngurumo ya kwanza ikapita, ndefu, ya mbali bado.

Andwele akaweka kikombe kwenye benchi, akasimama. Akashika njia ya bomani bila kuaga, Kristiana nyuma yake na gunia lake, na alikuwa amefika kwenye duka la ushirika aliposikia anaitwa.

— Ngoja! We Andwele, ngoja!

Ni mzee Modesti, koti mkononi, kofia upande, anakuja kwa mwendo ambao daktari alishamkataza. Alipowafikia alisimama kwanza, ameshika kiuno, pumzi zinamwishia.

— Baba, rudi. Mwenyewe ulisema wataniweka ndani.

— Wanaweza. Sijabadilisha neno.

— Sasa unakuja kusema nini?

— Mimi sina la kusema. Mambo ya mshale siyajui, utasema mwenyewe, akasema mzee, akivaa koti na kulifunga vifungo vyote mpaka juu. — Mimi nitasimama tu pale kando yako, waone una mtu.